Mama wa Sala Alisali Wapi, na kwa Ajili ya Nani?

Karibu kila kilio cha mama mkristo hapa Bunia kina dakika chache ambapo mtoto mkubwa, au mjukuu aliyesoma, husimama kando ya sanduku akiwa na karatasi mkononi, asome historia ya marehemu. Mara nyingi karatasi hiyo imeandikwa usiku uliotangulia, kati ya wimbo na wimbo, na watu waliokwisha kuchoka kwa kulia. Inasema mama alizaliwa karibu mwaka 1948, akaolewa, akazaa watoto tisa na sita wako hai. Inahesabu wajukuu na vitukuu. Inaeleza ugonjwa, hospitali na saa ya mwisho. Kisha inafunga kwa kusema alikuwa mama wa sala, mpole, mkarimu, aliyependa kazi ya Mungu. Hakuna neno la uongo ndani yake. Ila ukiichukua kesho ukaisome kwenye kilio kingine, Mudzipela au Sukisa, ukabadilisha majina tu, hakuna atakayeshtuka. Hilo linaniumiza, na ndilo ninalotaka tulizungumze. Naamini mama aliyeishi kwa imani anastahili kukumbukwa jinsi ushahidi unavyotunzwa, na ushahidi una masharti yake: mahali, wakati, watu waliokuwapo, jambo lililotendeka. Kuukusanya ni kazi ya watoto na wajukuu, na usiku wa kilio umechelewa mno kwa kazi hiyo.

Sitoi sharti hili kichwani mwangu. Paulo alipotaka kumkumbusha Timotheo imani yake ilikotoka, hakusema tu kwamba alitoka katika familia njema. Alitaja jina la nyanya yake, Loisi, na la mama yake, Eunike. Na katika Matendo ya Mitume kuna kilio ambacho ningependa kila familia ikisome kabla ya kuandika neno lolote. Tabitha, yaani Dorkasi, amekufa kule Yafa. Petro anafika, na wajane waliomzunguka wanalia huku wakimwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa nao. Nguo zipo, waliozivaa wapo, na mshonaji anajulikana. Basi familia na ianze hapo: kanzu za mama yetu ziko wapi? Labda ni watoto wa jirani waliomaliza shule kwa samaki wakavu aliowatoa Kasenyi na Tchomia kuja kuuza sokoni, wakati mzazi bado alitozwa pesa za kuwalipa walimu, kabla elimu ya msingi haijatangazwa kuwa bure mwaka 2019. Labda ni wasichana aliowafundisha kusoma kwa kutumia kitabu cha nyimbo. Watu hao wana majina na wengi wao bado wanaishi mjini, watafuteni.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha kwa upande wa akina mama hasa. Makanisa yetu yametunza vizuri kumbukumbu za wanaume waliokuwa na vyeo. Tunajua kwamba Apolo Kivebulaya alivuka kutoka Toro hadi Boga mwaka 1896, na kwamba alifariki huko mwaka 1933. Hata maandishi yake ya kila siku yapo. Kanisa la CECA-20 linahesabu miaka yake tangu 1912, wamisionari walipoanza kazi Kasengu, upande wa Mahagi. Lakini mama aliyepika chakula cha mkutano wa kanisa siku tano mfululizo, aliyekesha na wagonjwa, aliyewafundisha watoto Jumapili kwa miaka thelathini, ni nadra jina lake kuingia katika kitabu cha mikutano. Hakuwa pasta wala shemasi, basi mwandishi wa kikao hakuwa na safu ya kumwandika. Familia ikinyamaza, hakuna ofisi itakayosema kwa niaba yake. Na njia ya kusema si ngeni hapa kwetu. Chuo cha teolojia cha Waanglikana cha hapa Bunia kimechangia Kamusi ya Wasifu wa Wakristo wa Afrika, kazi iliyoanza mwaka 1995, na sehemu kubwa ya wasifu wa aina hiyo imepatikana kwa kukaa na wazee na kuwauliza. Kinachofanyika kwa ajili ya kamusi kinaweza kufanyika kwa ajili ya mama mmoja, chini ya mwembe, kwa daftari la shule.

Anzeni na majina, wala msidhani ni jambo jepesi. Mwenye heri Anuarite, ambaye Wakatoliki wa Kongo nzima humkumbuka kila tarehe 1 Desemba, alizaliwa Wamba mwaka 1939 akaitwa Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake; liliandikwa kwa makosa alipopelekwa shuleni, likamfuata hadi utawani, hadi kifo chake Isiro mwaka 1964, hadi Kinshasa Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mwenye heri mwaka 1985. Ikiwa kalamu ya mtu mmoja iliweza kumbadilishia jina mwanamke anayejulikana hivyo, itakuwaje kwa nyanya wa Nyakasanza? Ongezeni mwaka 1972, Serikali ya Zaire ilipokataza majina ya kikristo. Mama aliyebatizwa Maria katika miaka ya hamsini anaonekana hivyo kwenye kitabu cha parokia, lakini kwenye karatasi za Serikali za miaka ya sabini Maria hayupo, na kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu, jina la nyumbani limeandikwa jinsi karani wa siku hiyo alivyolisikia. Andikeni yote: alilopewa na wazazi na maana yake, la ubatizo, la ndoa, la mtoto wake wa kwanza ambalo majirani walimwitia, na lile ambalo mume wake peke yake alilitumia, kama yuko radhi kulitaja. Kila moja liandikwe pamoja na aliyempa na mwaka aliopewa. Mjukuu atakayetafuta cheti baada ya miaka arobaini atawashukuru.

Tarehe nazo zina njia yake. Ukimwuliza mama wa miaka sabini na kitu alizaliwa lini, atakutajia mwaka ulio kwenye kadi, ambao huenda ulikisiwa na karani. Msimuulize mwaka, muulizeni alikuwa wapi. Wabelgiji walipoondoka mwaka 1960, alikuwa ameanza kulima peke yake au bado alibebwa mgongoni? Waasi wa Simba walipofika mwaka 1964, nani alimshika mkono kukimbilia porini? Majina yalipokatazwa mwaka 1972 alikuwa na watoto wangapi? Pesa ya Zaire ilipobadilishwa mwaka 1993 alipoteza nini? Majibu mawili au matatu ya namna hiyo yatawapa mwaka wa kuzaliwa wenye kuaminika kuliko ule wa kadi, tena pamoja na maisha yenyewe. Jihadharini pia na majina ya mahali. Mwanamke ambaye hajawahi kuhama Irumu anaweza kuwa ameishi Kibali-Ituri, Haut-Zaïre, Province Orientale, na tangu mwaka 2015 jimbo la Ituri, bila kuvuka mto. Andikeni kijiji, kilima, kijito na kanisa lililo karibu. Hivyo havibadilishwi na amri kutoka Kinshasa.

Halafu mfike kwenye sala, kwa sababu hapo ndipo karatasi nyingi za kilio husema neno moja na kupita. Kama kweli alikuwa mama wa sala, alisali saa ngapi? Nyuma ya jiko, shambani kabla ya kushika jembe, kitandani wengine wakiwa wamelala? Aliwaombea nani kwa majina, na je, aliwafuata kwa mpangilio, mtoto wa kwanza hadi wa mwisho, au alianza na yule aliyepotea? Ni ombi gani aliliomba miaka mingi likajibiwa, na ni lipi halikujibiwa mpaka leo? Hili la mwisho msiliruke. Imani ya mtu aliyemwomba Mungu mtoto arudi, na mtoto asirudi, naye akaendelea kwenda ibadani, ina uzito ambao neno “mcha Mungu” haliwezi kuubeba. Muulizeni kwa lugha anayosalia. Mama anaweza kusikiliza mahubiri kwa Kiswahili, akaimba kwa Kiswahili, lakini akiwa peke yake akamlilia Mungu kwa Kilendu, Kihema, Kialur au Kilugbara, na mkimhoji kwa Kiswahili mtapata maneno ya kanisani tu. Kama wajukuu waliokulia mjini hawaisikii tena lugha hiyo, mama mdogo au shangazi akae katikati.

Msiishie nyumbani. Watoto wanamjua mama kwa ule upande unaowaelekea wao. Wenzake wa chama cha wamama wanamjua aliyesimama kutoa ushuhuda, aliyegombana juu ya pesa za mchango kisha akaenda kuomba msamaha, aliyevaa kitenge cha chama mpaka kikapauka. Legio Maria, Umoja wa Wamama wa Kianglikana, wamama wa CECA-20 na wa CE-39, hao wote wana wazee wanaokumbuka mambo ambayo familia haijawahi kuyasikia, na kumbukumbu hizo zinazikwa moja moja kila mwezi. Waendeeni watatu au wanne. Ombeni pia kuona kitabu cha ubatizo na cha ndoa, mkinakili kwa mkono mlichokiona, pamoja na ukurasa wake.

Najua watakaosema kwamba kumketisha mama aliye hai na kumwandika ni kumwita kifo. Hofu hiyo ina heshima ndani yake, sitaki kuidharau. Mtoto hapaswi kuonekana anahesabu siku za mzazi. Lakini someni Mwanzo sura ya 48. Yakobo ni mgonjwa, Yusufu amemletea wajukuu wawili, Efraimu na Manase, na mzee anakusanya nguvu zake aketi kitandani. Kabla ya kuwabariki anasimulia Mungu alimtokea wapi, kisha anasimulia jinsi Raheli alivyomfia safarini na ni kwenye njia gani alimzika. Wajukuu walisikia mahali alipolala nyanya yao kutoka kinywani mwa aliyemzika, kwa sababu mgonjwa aliachwa aseme. Kwa akina mama wetu jambo hili lina mlango wake wa kawaida, nao ni ushuhuda. Mama ambaye atakasirika ukimwambia “tuandike historia yako kabla hujafa” atafurahi ukimwomba awaambie wajukuu jinsi Bwana alivyomtendea. Sikukuu ya Noeli watoto wote wakiwa nyumbani, alasiri moja tu, kisha nyingine Pasaka. Msimkamilishe siku moja kama karani.

Wengine, hasa wacha Mungu wenyewe, watapinga kwa unyenyekevu: sifa ni za Mungu, matendo ya mtumishi anayajua Bwana wake, kwa nini kumwinua mwanadamu? Ningekubaliana nao kama tungekuwa tunazungumza juu ya sifa. Yesu mwenyewe alisema juu ya yule mwanamke wa Bethania aliyemmiminia marhamu kwamba alichotenda kitasimuliwa popote Injili itakapohubiriwa, ili akumbukwe. Na angalieni: Mathayo na Marko wanatunza tendo lakini hawamtaji jina, ni Yohana anayetuambia alikuwa Mariamu. Kutaja tendo na jina hakumpunguzii Mungu kitu. Kinyume chake, sifa za jumla ndizo zinazomwinua mwanadamu, kwa kuwa zinamfanya mama aonekane hajawahi kuhitaji neema.

Hapo tunagusa pingamizi lililo gumu zaidi, kwamba marehemu hasemwi vibaya. Mfano bora ninaoujua ni wa mama wa Kiafrika, Monika wa Tagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Mwanawe Augustino, aliyekuja kuwa askofu, alimwandikia kumbukumbu katika kitabu chake cha Maungamo, na humo hakuficha kwamba Monika akiwa msichana alizoea kuonja divai kwa siri akitumwa kuichota, hadi kijakazi alipomwaibisha; wala hakuficha kwamba mume wake, Patricius, alikuwa mwenye hasira na asiye mwaminifu kwake. Kanisa linamheshimu Monika kama mtakatifu hadi leo, na mama wengi wenye ndoa ngumu wamejifariji kwake kwa sababu hayo yaliandikwa. Sisemi mtangaze kila aibu ya nyumba mbele ya wakwe. Nasema kasoro aliyoitubu yeye mwenyewe, akaisimulia kwa kinywa chake, ni sehemu ya ushuhuda wake na hamna haki ya kumfutia. Siri aliyoificha ibaki yake.

Na vita je? Hapa Ituri hakuna mama mwenye umri wa kuitwa nyanya ambaye maisha yake yanaweza kusimuliwa bila vita. Yako mambo ya 1999 hadi 2003, yako ya Nyankunde Septemba 2002, yako ya Mei 2003 mjini Bunia kabla askari wa Ulaya hawajafika mwezi wa Juni, na yako yaliyoanza tena Djugu Desemba 2017 na kuwajaza watu katika kambi kama Kigonze. Wapo wanaoonya kwamba kuyaandika ni kuwarithisha wajukuu chuki, na onyo hilo nalichukua kwa uzito wote. Kwa sababu hiyo nashauri mipaka. Andikeni alichokiona kwa macho yake na alichokitenda. Alichokisikia kwa wengine kiandikwe kuwa ni cha kusikia. Msiandike “kabila fulani walikuja”. Kabila halitembei usiku na panga, watu wenye silaha ndio waliokuja. Jina la jirani anayedhaniwa kuhusika lisiwekwe katika kitabu cha kusomwa matangani: jambo la mahakama lina mlango wake. Lakini mtu wa lugha nyingine aliyemficha mama yenu chini ya kitanda, akampa uji, akamsindikiza gizani hadi barabarani, huyo aandikwe kwa jina akikubali, na kama kumtaja kunaweza kumhatarisha, basi liandikwe tendo lake. Ukiacha hayo kwa kuogopa chuki, unamnyima mjukuu kitu ambacho kingemponya nayo.

Zaidi ya yote, msimtilie mama maneno kinywani. Katika kesi ya kwanza ya vita vya Ituri huko The Hague, hukumu ya mwaka 2012 ilimkuta mshtakiwa na hatia, lakini majaji waliuweka kando ushahidi wa vijana kadhaa kwa kuwa walishuku kwamba watu waliowaleta waliwatilia maneno kinywani. Maswali yanayobeba majibu ndani yake yanaua ushahidi hata nyumbani. Uliza “ikawaje?” kisha nyamaza. Akikataa kusema juu ya mwaka fulani, geuza ukurasa, uandike kwamba mwaka huo hakutaka kuuzungumzia. Wasomaji wake wataelewa.

Kuhusu gharama sina mengi. Daftari moja la kurasa mia na kalamu mbili ni rahisi kuliko tisheti moja yenye picha ya marehemu. Sauti yake irekodiwe kwa simu, ila msiiamini simu: simu huibwa, huzama, hufa na kila kitu. Mwenye mwandiko mzuri anakili mara nne. Nakala moja ikae nyumbani. Ya pili kwa mtoto anayeishi mbali, Kisangani, Kampala au Ulaya. Ya tatu iombewe nafasi katika maktaba ya chuo, kama Chuo Kikuu cha Shalom cha hapa Bunia. Ya nne ikabidhiwe parokia au kanisa lake. Kuziweka zote chini ya paa moja katika nchi yetu ni kuziandalia moto. Wakatoliki wanaweza kusoma kurasa chache baada ya misa ya mwaka, Waprotestanti siku ya kumaliza matanga, na msomaji afadhali awe mjukuu mdogo kuliko wote anayeweza kusoma bila kigugumizi.

Limebaki kaburi. Familia nyingi za Bunia zina mama aliyelala mahali ambapo hawawezi kufika leo, kwenye shamba lililoachwa huko Djugu, au kando ya njia walipokuwa wanakimbia. Wanaona haya kulitaja, kama kwamba wamemtupa. Monika pia alifia safarini, Ostia nchini Italia, mwaka 387, mbali na kaburi alilokuwa amejiandalia karibu na la mume wake. Aliwaambia wanawe wasihangaike na mwili wake, wamkumbuke tu kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Basi andikeni lilipo: kijiji, mti, upande wa kijito, nani alichimba, nani aliomba, wimbo gani uliimbwa kwa sauti ya chini. Jiwe lenye maneno liliwekwa kwa ajili ya Monika huko Ostia, nalo likapotea kwa karne nyingi. Mwaka 1945 vijana wawili waliokuwa wakichimba shimo la nguzo ya mchezo karibu na kanisa waligonga kipande cha marumaru chenye herufi za Kilatini zilizokatika katikati. Kilitambuliwa kuwa ni cha kwake kwa sababu maneno yote ya jiwe hilo yalikuwa yamenakiliwa zamani, kwa mkono, katika vitabu.